Anza na shamba: maneno kwa anayeingia utafiti wa Pride na Uafrika

Kila muhula naletewa pendekezo la utafiti kuhusu Pride, yaani maandamano na sherehe za hadharani za mashoga, wasagaji na wenzao, lenye swali lile lile: je, mapenzi ya jinsia moja ni ya Kiafrika au yameletwa? Huwa nalirudisha lilivyo. Sina ugomvi na siasa ya swali hilo, ila kiutafiti ni bovu. Kila utakayemuuliza ana jibu lake tayari: mchungaji analo, mbunge analo, mwanaharakati analo, na dereva wa bodaboda anayekupeleka kwenye mahojiano analo pia. Utarudi na daftari lililojaa misimamo, na humo ndani usimkute mtu hata mmoja anayeishi.

Ukitaka kuwakuta watu, uliza habari za shamba. Ardhi hii ni ya nani? Nani anailima? Mavuno yakiuzwa, pesa inashikwa na nani? Mwenye nyumba akifa, nani anabaki? Ukiwa na majibu ya hayo, habari za Uafrika zitakuja zenyewe bila kuvutwa, tena zikiwa na majina ya ng'ombe na mipaka ya mashamba.

Mfano ninaoutumia darasani ni Simon Nkoli, mwanaharakati shoga wa Afrika Kusini. Tasnifu nyingi kuhusu Pride barani Afrika humwanzia Johannesburg, tarehe 13 Oktoba 1990, siku ya maandamano ya kwanza. Walikuwa watu kama 800, na baadhi yao walifunika nyuso kwa mifuko ya karatasi wasitambulike. Nkoli alikuwa mmoja wa waandaaji kupitia GLOW, chama cha mashoga na wasagaji kilichoanzishwa 1988, mwaka ule ule alioachiwa huru katika kesi ya uhaini ya Delmas, iliyofunguliwa dhidi ya wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Yote hayo ni kweli na yanafaa kuandikwa. Lakini rudi nyuma kidogo. Nkoli alizaliwa Soweto, akalelewa shambani katika jimbo la Free State, na baadaye familia ikahamia Sebokeng. Sheria ya Ardhi ya 1913 ilikuwa imewabakizia Waafrika kama asilimia 7 tu ya nchi nzima ya Afrika Kusini, sehemu ambayo baada ya 1936 ilipangiwa kufika kama asilimia 13. Familia nyeusi kwenye shamba la mzungu ilikaa kwa hisani ya mwenye shamba, na hisani hiyo ililipiwa kwa mikono, ya watoto ikiwemo.

Sisemi kwamba shamba ndilo lililomfanya mwanaharakati. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekulia mahali ambapo kulala kwako, kazi yako na mwili wako vyote vinategemea ruhusa ya mtu mwingine, akija kusema kuwa mapambano yake kama mtu mweusi na mapambano yake kama shoga hayatengani, yapo mambo anayoyajua ambayo msomaji wa mjini huyapita haraka. Nyaraka zake zimehifadhiwa GALA, hazina ya kumbukumbu za mashoga na wasagaji iliyoanzishwa 1997 na iliyopo Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Zimo hata barua alizoandika akiwa gerezani. Ukipata nauli ya kwenda mahali pamoja tu, nenda hapo kabla ya kwenda kwenye maandamano yoyote.

Sasa niingie migodini, maana hapa ndipo somo lote lilipo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20, serikali na wamisionari walikuwa wakiandika kwa hofu juu ya "ndoa za migodini" kwenye kambi za wachimba dhahabu wa Witwatersrand, eneo la migodi kuzunguka Johannesburg, ambako kijana aliishi na mchimbaji mkubwa kama mkewe. Alimpikia, alimfulia, alilala naye, naye akapewa pesa na zawadi. Ukisoma ripoti za wakati ule utadhani ni habari za upotovu wa mjini. Halafu katika miaka ya 1980 Vivienne Ndatshe akaenda kuwahoji wazee waliowahi kufanya kazi migodini huko Pondoland, eneo la vijijini mashariki mwa Afrika Kusini, na mwanasosholojia Dunbar Moodie akayaandika matokeo pamoja naye na mtafiti mwenzao, British Sibuyi, katika makala iliyotoka 1988. Wazee walieleza bila kujikunja. Kijana aliikubali ndoa ile kwa sababu pesa yake ilijumlishwa na mshahara, na pesa ya pamoja ilimfikisha haraka nyumbani: kununua ng'ombe, kutoa mahari, kufungua boma lake na kulima. Kuwa "mke" wa mgodini ilikuwa njia ya kuwa mume na mkulima kijijini.

Soma tena sentensi hiyo uone jinsi swali la "yetu au ya kigeni" linavyokosa pa kushika. Kambi ilijengwa na makampuni ya wazungu. Lengo lilikuwa la kijijini kabisa. Tendo lilikuwa la wanaume wawili wa Kiafrika waliojua wanachofanya. Tena Moodie anaonyesha kwamba desturi ile ilianza kufifia pale ardhi ya vijijini iliposhindwa kulisha watu, wanawake wakahamia kwenye vibanda karibu na migodi, na kijana hakuwa tena na boma la kurudi kulifungua. Shamba lilipokufa na ndoa ile ikafa nalo. Mtafiti aliyeuliza juu ya kitanda peke yake asingeliona hilo hata akikaa miaka.

Karibu na kwetu kuna jambo linalotajwa kila mahali na kueleweka na wachache: ndoa za mwanamke kwa mwanamke. Wanandi wa Kenya wanazo, Wakuria wanazo, na upande wa Tanzania mkoani Mara zinajulikana kama nyumba ntobhu. Kwa Wanandi, kila mke katika ndoa ya wake wengi ana nyumba yake, yenye ng'ombe wake na kipande chake cha ardhi, na mali ya nyumba hurithiwa na watoto wa kiume wa nyumba ile. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume inakabiliwa na hatari: mali itaenda kwa watoto wa mke mwenza au kwa ndugu wa mume. Basi mama mwenye umri hutoa mahari, anaoa msichana, na watoto wa msichana yule wanakuwa warithi wa nyumba. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler alifanya utafiti Nandi na kuchapisha 1980. Aliambiwa kwa msisitizo kwamba mwoaji yule ni mwanamume, na kwamba hakuna tendo la ndoa kati ya wale wawili. Alipotazama maisha ya kila siku aliona kuwa "uanaume" ule haukuwa sawa kila mahali. Mahali ulipokazwa sana ni kwenye mali: nani anaimiliki, nani anaipitisha kwa nani.

Vijana wawili wa aina mbili wataitumia vibaya habari hii. Wa kwanza atasema: mnaona, wasagaji tulikuwa nao tangu zamani. Wa pili atasema: mnaona, hata ndoa ile ilikuwa ya watoto tu, kwa hiyo Afrika haina mambo hayo. Wote wawili wamewaandikisha akina bibi jeshini bila kuwauliza. Mimi namwambia mwanafunzi: kama hukusikia habari ya chumbani, usiiandike, na wala usiandike kwamba haipo. Andika ulichopewa, na ulichopewa ni kikubwa. Ni jamii iliyokuwa tayari kuisogeza jinsia ya mtu ili ng'ombe wasitoke nyumbani. Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu.

Sheria nayo ina mambo yake. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Mwaka uliofuata, 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ya Kinandi katika kesi ya mirathi. Na Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ikakataa kufuta vifungu vya sheria ya jinai, urithi wa Mwingereza, vinavyotoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa tendo la watu wa jinsia moja. Ziweke hukumu hizo mbili mezani pamoja, usome kila moja inazungumzia nini hasa. Moja ni ya mali na nyingine ni ya mwili. Mwanasheria mzuri akusaidie, lakini soma mwenyewe kwanza.

Kuhusu Pride yenyewe kama kitu cha kutafitiwa, shida ya wageni ni kuitazama kama picha: bendera, ngoma, mabango. Itazame kama siku ya kazi iliyokosekana. Swali langu ninalolipenda kuliko yote kwa mtu aliyesafiri kutoka kijijini kwenda Pride ni hili: siku hiyo nani alikukamulia ng'ombe? Jaribu uone. Aliyejibu "dada yangu" amekwisha kukueleza kuwa dada anajua. Aliyejibu "nilimlipa kijana wa jirani, nikamwambia naenda hospitali" amekueleza gharama, uongo unaohitajika, na jirani gani haaminiki. Aliyesema "sina ng'ombe, nilifukuzwa nyumbani" amekueleza kila kitu, nawe unyamaze kidogo kabla ya kuuliza lingine.

Na kalenda! Pride nyingi duniani ni za Juni kwa sababu ya vurugu za Stonewall, New York, zilizoanza Juni 28, 1969. Juni kwetu kwenye nyanda za mahindi, kama Trans Nzoia na Nandi, mvua za masika bado zinanyesha na kazi shambani haijapungua. Johannesburg wao walianza na Oktoba, na Oktoba kwenye uwanda wa Highveld ndipo mvua zinapoanza na mahindi yanapandwa. Kwa hiyo usishangae ukikuta mkulima hayupo kwenye maandamano, wala usikimbilie kuandika kwamba vijijini watu "wamejificha". Huenda yupo shambani na jembe lake, na wiki mbili baadaye atakuja mjini kuwaona rafiki zake kwa utulivu, bila bendera.

Pia Pride yenyewe ina tabaka. Soweto Pride ilianzishwa 2004 na Forum for the Empowerment of Women, kwa sababu wanawake weusi wasagaji wa mitaa ya pembezoni hawakujiona ndani ya sherehe ya vitongoji vya wenye nazo. Oktoba 2012 wanaharakati wa One in Nine, kampeni ya kupinga ubakaji, walilala barabarani katikati ya maandamano ya Johannesburg, wakidai dakika moja ya kimya kwa ajili ya wasagaji weusi waliouawa. Walipokelewa kwa hasira na baadhi ya waandaaji na waandamanaji, na 2013 bodi iliyokuwa ikiendesha maandamano yale ikavunjwa. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996 ilikuwa imekwisha kukataza ubaguzi wa mwelekeo wa kijinsia, na sheria ya 2006 ikaruhusu ndoa. Sheria zilikuwepo zote siku ile pale barabarani. Waliolala chini walikuwa wakiuliza habari za nauli, usalama wa njia ya kurudi nyumbani, na nani analiliwa akifa.

Pride ya kwanza ya Uganda, Agosti 2012, ilifanyika Entebbe kwenye bustani ya mimea kando ya Ziwa Victoria. Bustani ile ilianzishwa 1898 na serikali ya kikoloni kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara kutoka nje, kama mpira na kakao. Najua unachotaka kuandika hapo. Kila mwanafunzi hukimbilia kusema kwamba hata mahindi yalitoka Amerika na hakuna anayeuliza kama ugali ni wa Kiafrika. Ni maneno mazuri ya jukwaani na huchekesha, lakini hayathibitishi lolote, na mtahini mkali atakuuliza mimea na watu vinafanana wapi. Kilicho na faida zaidi ni kuuliza kwa nini walichagua bustani badala ya barabara kuu ya Kampala: nani aliingia, kwa mlango upi, na nani angeona.

Sasa kazi ya uwanjani. Usimkalishe mkulima kwenye kiti ukamwelekezea kinasa sauti kama askari anayechukua maelezo. Watu husema wanapokuwa na shughuli mkononi. Wakati mzuri kuliko yote ni wa kupukuchua mahindi: mmekaa chini kwenye turubai, magunzi yanarundikana upande mmoja, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Mama mmoja huko Nandi, ambaye wote tulimwita kogo, yaani bibi kwa Kinandi, alikuwa akijibu maswali yangu kwa kasi ya mikono yake. Swali likimgusa, vidole vilisimama juu ya gunzi, kisha akalitupa na kuchukua jingine, na hapo ndipo jibu lilipokuja. Kwenye sauti iliyorekodiwa ule mkatizo unasikika wazi. Uandike kwenye nakala, usiuruke. Na jambo dogo la kiufundi: kinasa sauti ukikiweka juu ya turubai kitanasa punje zinazodondoka na hutasikia neno. Kibane kwenye kola yako mwenyewe au kwenye kanga ya mwenyeji akiruhusu.

Ukimchukulia mtu nusu siku ya palizi umemchukulia kibarua. Ama shika jembe, ama lipia kibarua wa kushika nafasi yake. Sukari, majani ya chai na sabuni ni adabu ya mgeni, hazihesabiki kama malipo ya muda wa mtu. Sipendi kabisa mtindo wa kutoa noti mwishoni mwa mahojiano mbele ya watoto wa nyumba. Unamwacha mtu na kazi ya kueleza pesa ile ilitoka wapi na kwa habari gani.

Usalama ni mahali ambapo sitakubembeleza. Mjini mtu anaweza kupotea ndani ya umati, lakini shamba halihami. Ukibadilisha jina la mtu ukaacha "shamba la ekari tatu chini ya kilima, karibu na kiwanda cha chai, mwenye ng'ombe mweupe", kijiji kizima kimemjua. Picha ni mbaya zaidi. Umeficha uso, lakini nyuma yake kuna mnazi uliopinda au paa la rangi ambalo kila mtu analijua. Zima kipengele cha mahali kwenye simu kabla hujatoka mjini. Ridhaa ichukue kwa mdomo, irekodiwe bila jina, maana karatasi iliyosainiwa ni ushahidi unaomsubiri mtu atakayeikuta.

Kibali nacho kina mtego wake. Kenya utapitia NACOSTI, Tanzania COSTECH, tume za taifa zinazotoa vibali vya utafiti, na ukishapewa utatakiwa kuripoti ngazi kwa ngazi, kuanzia mkoa au kaunti hadi kijijini, na kila ofisi itasoma kichwa cha utafiti wako kwa sauti. Kichwa kikitaja ushoga, basi kila nyumba utakayoingia imeshapewa jina. Simaanishi udanganye mamlaka, hilo halikubaliki na likigundulika litamwangukia mwenyeji kabla yako. Maana yangu ni kwamba utafiti uwe mpana kwa kweli. Chunguza ardhi, urithi na aina za kaya, uhoji wajane, waseja, wanawake waliooa wanawake, wanaume wasiooa, wote kwa maswali yale yale. Hapo kichwa chako kitakuwa cha kweli na hakitamchoma mtu.

Kuna nchi ambako namkatalia mwanafunzi wa uzamili kufanya mahojiano kabisa. Uganda ilipitisha sheria mpya dhidi ya ushoga 2023 yenye adhabu hadi ya kifo kwa makosa inayoyaita mazito, na Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache ikaacha sehemu kubwa ikisimama. Tanzania sheria ya jinai inafika kifungo cha maisha. Shahada yako haina uzito wa kifungo cha mtu mwingine. Fanya kazi ya nyaraka, au soma hukumu za Botswana, ambako Mahakama Kuu ilifuta kosa hilo 2019 na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono 2021, au ongea na watu ambao tayari wanasema hadharani kwa majina yao. Hakuna atakayekuona mwoga. Na akikuona hivyo, si yeye atakayeenda kumwekea mtu dhamana.

Usiende peke yako kila mara na usiende na kundi. Mtu mmoja wa eneo, anayejua lugha ya nyumbani na heshima zake, anatosha. Mchague kwa makini, kwa sababu naye atabaki pale ukishaondoka. Nimeona mtafiti akimtumia mtoto wa chifu kama mkalimani kwa sababu alijua Kiingereza kizuri. Majibu yote yalikuwa mazuri na yote yalikuwa ya chifu.

Uandishi utakushinda sehemu moja hasa: utataka kila mhojiwa awe shujaa au mwathirika. Wengi watakuwa watu wanaowaza bei ya mbolea. Waache wawaze. Mwanamume mmoja alinieleza kwa saa nzima ugomvi wake na kaka yake juu ya mpaka, na mwenzi wake alimtaja mara moja tu, alipotaka kueleza nani alikuwa akishika kamba upande wa pili walipokuwa wakipima. Kamba ile niliiandika kama alivyoisema, na ndiyo ikawa mfano wangu mkuu.

Mwisho kuna siku ya kukabidhi. Kabla tasnifu haijaingia kwenye hazina ya chuo mtandaoni, omba izuiwe kusomwa kwa muda, vyuo vingi vina utaratibu huo ila hawakuambii usipouliza. Rekodi za sauti zifutwe baada ya nakala kukaguliwa, isipokuwa kama mwenyewe ametaka zihifadhiwe. Halafu soma kazi yote mara moja zaidi kwa jicho la jirani mwenye kisirani, ukitafuta jina la mto, la soko, la aina ya ng'ombe au la mwaka ambao mtu alirithi, na kila ulichokiona, kitoe.